Fimbo ya Fundi, Bei ya Dalali

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alianza kuwabebea mikoba wacheza gofu akiwa darasa la sita. Hadi leo, kila Jumamosi, anabeba. Ndiyo nauli yake na ndicho chakula chake cha chuoni. Mchezo wenyewe aliujifunza kwanza kwa macho, kisha kwa mikono, saa za jioni, wanachama wakishaondoka uwanjani. Wanaoujua mchezo huo kuliko mimi huniambia kwamba kijana huyu anaupiga mpira kwa usafi ambao baadhi ya wenye uanachama wa miaka ishirini hawajawahi kuuonja. Fimbo zake za chuma ni sita, za kampuni nne tofauti, na mbili kati yake zimezungushiwa utepe wa fundi umeme mahali pa kushikia. Mwaka huu aliingia katika duka moja la vifaa vya michezo akauliza bei ya seti mpya inayolingana na kiwango chake. Muuzaji alimtazama viatu kwanza, ndipo akamtajia bei. Kijana alipouliza mbona kubwa hivyo, akajibiwa kwamba hizo ni fimbo za watu mahiri, na fimbo za watu mahiri ni ghali.

Alinisimulia kisa hicho ofisini huku akicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu jibu alilopewa lina sehemu mbili, bei na sababu ya bei, na ile ya pili ni uongo. Fimbo ya mchezaji mahiri si ghali kwa sababu ya umahiri wa yeyote. Miongoni mwa vyombo vya mchezo huo, ni mojawapo ya vilivyo vyepesi kubuni. Hili si dai langu la kinadharia. Soko lenyewe limelithibitisha katika muda wa takriban miaka kumi iliyopita, na uthibitisho huo unatunyima, sisi tunaosimamia michezo, kodi na viwanja, kisingizio tulichokizoea.

Najua watakaoniandikia. Watasema gofu ni mchezo wa mabwana, uliletwa na wakoloni, unakula ardhi na kunywa maji, na kwamba mhadhiri anayejidai kutetea haki angetafuta mada nyingine. Hoja ya ardhi na maji ni ya kweli na siku moja nitaiandikia yenyewe. Lakini uwanja wa gofu, kama lilivyokuwa shamba la mkonge, una watu wa aina mbili: wenye uwanja na wabebaji. Tukiukataa mchezo kwa hasira ya wale wa kwanza, tunawatupa wa pili pamoja nao. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianzia kwenye kubeba mikoba. Ujuzi wa mchezo huu katika ukanda wetu umelelewa mabegani mwa watu ambao hawakuwahi kuumiliki uwanja hata kwa siku moja. Anayedai kuwatetea wafanyakazi na asione kwamba huyu naye ni mfanyakazi, na kwamba fimbo ni jembe lake, anatetea kitabu tu.

Tuanze na chuma chenyewe, maana mjadala wa bei usioingia karakana huishia kuwa malalamiko.

Fimbo ya chuma ina sehemu tatu: kichwa, mpini na mshikio. Mpini na mshikio havitatuchukulia muda, kwa kuwa hata kampuni kubwa kwa kawaida hazivitengenezi zenyewe; huvinunua kwa watengenezaji wachache wale wale, kama True Temper kwa mipini na Golf Pride kwa mishikio, ambao humuuzia kila mwenye fedha, mkubwa kwa mdogo. Siri iko kwenye kichwa. Nacho hutengenezwa kwa njia mbili ambazo mhunzi wa kijijini kwetu angezitambua kwa majina yake ya Kiswahili: kufua na kusubu. Kufua ni kuchukua kipande cha chuma laini chenye kaboni kidogo, kukipasha moto hadi kiwe chekundu, kisha kukigonga ndani ya kalibu kwa mashine nzito. Baadaye hutobolewa tundu la mpini, huchorwa mifereji usoni, husagwa na kung'arishwa, na mara nyingi hupakwa kromi. Kusubu ni kuyeyusha chuma, mara nyingi kile kigumu kisichoshika kutu, na kukimimina katika kalibu hadi kigande.

Mchezaji mahiri kwa desturi hupendelea kichwa kilichofuliwa: kidogo, chenye ukingo mwembamba wa juu na mgongo mnene wa chuma kitupu, au wenye kibonde kidogo tu. Anahitaji machache kwenye chombo kwa sababu mengi anayaleta yeye. Huugonga mpira katikati ya uso wa fimbo mara kwa mara, hivyo hana haja ya fimbo ya kumsamehe makosa. Anachotaka ni fimbo itakayomweleza kosa lake kupitia viganja, na itakayoutii mkono wake anapotaka mpira upinde kulia au kushoto. Umbo hilo halijabadilika sana tangu miaka ya 1950. Mweke fundi wa zama hizo mbele ya fimbo ya mgongo mzima iliyotoka mwaka huu, ataijua bila kuambiwa.

Asiye mahiri ndiye anayehitaji uhandisi. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi katika kampuni ya General Electric nchini Marekani, alianza mwaka 1959 kutengeneza, katika gereji ya nyumba yake, fimbo za kusukumia mpira shimoni. Ndivyo ilivyozaliwa Ping. Wazo lake lilikuwa kuuondoa uzito katikati ya kichwa na kuupeleka pembezoni, ili kichwa kisijipinde mkononi mpira unapogongwa kando. Wazo hilo lilipohamia kwenye fimbo za chuma lilimwokoa mchezaji wa kawaida, nami simnyimi Solheim heshima yake. Tangu hapo maabara zimeongeza mengi: vichwa vyenye uwazi ndani, nyuso nyembamba zinazobonyea na kurudi, vipande vya tangsteni vilivyofichwa chini. Huko ndiko utafiti unakokwenda, na huko gharama ya utafiti ina maana. Fimbo ya fundi haimo katika hesabu hiyo, au imo kwa kiasi kidogo sana. Katika mchezo huu, kadiri mtu anavyopanda ujuzi ndivyo chombo chake kinavyorahisika. Bei peke yake ndiyo haishuki pamoja nacho.

Seti ya fimbo za chuma za wachezaji mahiri kutoka kampuni zenye majina makubwa huuzwa Marekani kwa dola 1,300 na zaidi. Fedha hizo zinakwenda wapi? Vichwa vingi vya fimbo duniani, vya majina makubwa na madogo, hutoka katika viwanda vya kukodi vya China, Taiwan na nchi jirani za Asia. Japan ina wahunzi wake wanaoheshimiwa, kama Miura wa eneo la Himeji na Endo wa Niigata, ambao kazi yao ina thamani yake ya haki. Lakini kati ya mlango wa kiwanda na bega la mchezaji kuna msururu. Kuna faida ya mwenye jina, kuna msambazaji, kuna faida ya duka, kuna mishahara ya mabingwa wanaolipwa wavae kofia yenye nembo, kuna matangazo ya televisheni, na kuna desturi ya kuitangaza fimbo ya jana kuwa imepitwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kutazama mashindano ya gofu Jumapili jioni, ambako chema nacho kinatembezwa, tena kwa gharama ambayo mnunuzi ndiye anayeilipa.

Waliouvunja msururu huo ni wafanyabiashara wenyewe, si wapinzani wa ubepari. Huko Sycamore, katika jimbo la Illinois, kuna kampuni iitwayo Sub 70 inayomuuzia mchezaji moja kwa moja, bila kupitia rafu za maduka. Ufini kuna Takomo, jina ambalo kwa Kifini maana yake ni karakana ya mhunzi, nayo huuza kwa mtandao fimbo zilizofuliwa, zikiwamo zile za mgongo mzima ambazo mchezaji wa kawaida hathubutu kuzigusa. Hawa hawana mabingwa wengi wa kulipa wala dirisha la duka la kupamba. Seti zao kwa wachezaji mahiri zimekuwa zikiuzwa kwa takriban nusu ya bei ya majina makubwa. Chuma ni cha aina ile ile, mipini ni ya watengenezaji wale wale, na sheria zinazozibana fimbo hizo ni zile zile za vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za mchezo, R&A na USGA. Kilichopungua ni dalali.

Mwaka 2024 hata Costco, duka la jumla ambalo Wamarekani huendea mafuta ya kupikia na karatasi za chooni, liliuza seti ya fimbo za chuma kwa jina lake la Kirkland kwa dola 499.99. Nakiri kwamba hizo zilimlenga zaidi mchezaji wa kati kuliko fundi hasa. Lakini majina makubwa yalikwisha kuonja uchungu wa duka hilo mapema zaidi: lilipotoa mpira wake wa bei nafuu mwaka 2016, lilijikuta katika mvutano na Acushnet, wamiliki wa Titleist, mvutano uliofika mahakamani mwaka uliofuata na kumalizwa kwa maelewano mwaka 2018. Watu hawaandikiani barua za mawakili kwa sababu ya bidhaa ambayo hakuna anayeiona kuwa inafanana na yao.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote, hata hivyo, ni cha jina la Ben Hogan, na naomba msomaji anivumilie nikikaa hapo kidogo.

Hogan alizaliwa Texas mwaka 1912. Baba yake alikuwa mhunzi, naye alifariki kijana akiwa na miaka tisa. Akiwa na miaka kumi na moja Ben alianza kubeba mikoba katika klabu ya Glen Garden, mjini Fort Worth. Katika mashindano ya wabebaji ya Krismasi ya mwaka 1927 alipitwa kwa tofauti ndogo na mbebaji mwenzake, Byron Nelson. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na mitano. Klabu ikaamua kumpa mmoja wao uanachama wa vijana, ikampa Nelson. Wote wawili wakaja kuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa kupata kutokea. Hogan alishinda mashindano makuu tisa, sita kati ya hayo baada ya ajali ya gari ya mwaka 1949 iliyokaribia kumuua. Msomaji mtumishi wa umma aishike picha hiyo: wabebaji wawili wenye vipaji vya kiwango cha dunia katika klabu moja, na uanachama mmoja.

Mwaka 1953 mtoto huyo wa mhunzi alianzisha kampuni yake ya kutengeneza fimbo hapo hapo Fort Worth. Toleo la kwanza lilipotoka kiwandani hakuridhika nalo, akaamuru litupwe, ingawa lilikuwa limekwisha kula fedha nyingi za wabia wake. Kisha mwaka 1960 aliiuza kampuni kwa AMF, na kuanzia hapo jina lake likaanza safari ya kupita mkono hadi mkono, kama shamba la urithi ambalo kila mjukuu anauza kipande.

Mwaka 2015 jina hilo lilifufuliwa Fort Worth kwa fimbo zilizofuliwa kwa ajili ya wachezaji mahiri. Fimbo hizo zilikuwa na ajabu moja: chini ya kichwa hapakuchorwa namba nne, tano au saba. Palichorwa nyuzi za mwinamo wa uso, yaani pembe halisi inayoamua mpira upande kiasi gani na uende umbali gani.

Kwa nini ajabu hiyo ni kubwa? Kwa sababu namba za fimbo zimekuwa zikidanganya kwa miongo mingi. Fimbo namba saba ya zamani ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 35 hivi. Namba saba ya leo ya mchezaji mahiri iko kwenye 33 au 34. Lakini namba saba inayouzwa kwa mchezaji wa kawaida imeshuka hadi 30, 28, wakati mwingine chini ya hapo. Uso ukisimama zaidi, mpira huenda mbali zaidi. Hilo halihitaji teknolojia. Mteja huingia dukani, hupiga namba saba yake ya zamani, kisha hupiga namba saba mpya mbele ya mashine ya kupimia, huona mita kumi zimeongezeka, na hutoa kadi ya benki. Sehemu kubwa ya alichonunua ni fimbo namba sita, au hata tano, iliyoandikwa saba. Watetezi husema vichwa vipya huurusha mpira juu zaidi, hivyo mwinamo ulihitaji kurekebishwa. Kuna ukweli fulani hapo. Lakini ukweli wote ungeelezwa kwa kuandika nyuzi, na hakuna anayeziandika mahali pa kuonekana. Wanafunzi wangu wanaijua mbinu hii. Ni ile ile ya kushusha alama ya kufaulu na kisha kuitisha waandishi wa habari kutangaza kwamba ufaulu umepanda.

Kampuni ya Hogan iliandika nyuzi. Januari 2017 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Sisemi kwamba ukweli ndio ulioifilisi; biashara hufa kwa mambo mengi, na kushindana dukani na makampuni yenye mifuko mirefu lilikuwa mojawapo. Baadaye mwaka huo huo ilirudi kwa njia nyingine: ikaachana na maduka, ikaanza kumuuzia mchezaji moja kwa moja, na bei ikashuka sana. Fimbo zilibaki za kufuliwa, mchezaji aliyelengwa alibaki mahiri. Kampuni ilidumu hivyo hadi mwaka 2022, ikafunga milango. Glen Garden nayo ilikuwa imefungwa tangu 2014. Eneo lake sasa lina kiwanda cha wiski.

Nimesimulia mwisho huo kwa makusudi, kwa sababu sitaki kuuza ndoto. Kuuza moja kwa moja hakumfanyi muuzaji kuwa mtakatifu wala hakumhakikishii maisha. Aliyenunua seti ya Hogan mwaka 2021 na kuvunja fimbo moja mwaka 2023 hakuwa tena na pa kuagiza nyingine kiwandani. Duka lenye watu lina faida zake, na kubwa kuliko zote ni vipimo. Mchezaji mrefu na mfupi hawashiki fimbo moja. Urefu wa mpini, ugumu wake, na pembe ambayo kichwa kinaukalia ardhini lazima viafikiane na mwili. Pembe hiyo ikiwa imesimama mno, mpira wa mchezaji wa mkono wa kulia huelekea kushoto hata akipiga vizuri. Wenye maduka husema kwamba mtandao hauna macho ya kuona hayo.

Hoja ni nzuri, ila inajibiwa na chuma chenyewe. Kichwa kilichofuliwa kwa chuma laini ndicho kinachopindika kwa urahisi zaidi. Fundi mwenye kifaa cha kubania na wenzo hukipinda nyuzi moja au mbili kwa dakika chache, akapima, akakurudishia. Kile cha kusubu cha chuma kigumu ndicho kinachogoma. Kwa hiyo mchezaji mahiri, mwenye fimbo ya kufuliwa, ndiye anayeweza zaidi ya wote kununua kwa mbali na kurekebisha kwa karibu. Na mahiri huyu anayajua mahitaji yake. Amekwisha kupiga mipira elfu nyingi. Mwanafunzi wangu aliniambia urefu na ugumu wa mpini anaoutaka bila kufikiri, kama mshonaji anavyotaja kipimo cha kiuno kwa kukutazama.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo sifa za soko huru zinapokwama bandarini.

Neno "moja kwa moja" lina masharti yasiyoandikwa. Linamhitaji mtu mwenye kadi inayokubaliwa ng'ambo, anwani ambayo msafirishaji anaifahamu, na nchi ambayo kifurushi kikiingia hakigeuki kuwa kesi. Kwa kijana wa Helsinki au Chicago masharti hayo ni hewa anayovuta. Kwa mbebaji wa mikoba wa Arusha, Entebbe au Nyeri, kila sharti ni mlango wenye mlinzi. Mzigo ukifika hutozwa ushuru wa forodha juu ya thamani yake pamoja na usafirishaji, kisha kodi ya ongezeko la thamani juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Kodi inatozwa kodi. Kiwango cha kawaida cha kodi hiyo Tanzania Bara ni asilimia 18, Uganda asilimia 18, Kenya asilimia 16. Chukua mfano wa hesabu tu: seti ya dola 600, usafirishaji dola 100. Hata ushuru wa forodha ungekuwa sifuri, asilimia 18 ya 700 ni dola 126. Dalali aliyeondolewa Illinois amepata mrithi kwenye kaunta ya serikali.

Sipingi kodi. Mshahara wangu unatokana nayo. Ninachopinga ni uvivu wa kufikiri unaovitazama vifaa vya michezo kwa jicho la miaka ya 1960, kana kwamba kila anayeagiza fimbo ya gofu ni bwana mkubwa anayejiandalia likizo. Fimbo hiyo hiyo, mikononi mwa mchezaji wa kulipwa aliyetoka kwenye ubebaji, ni zana ya kazi kama cherehani. Gofu ilirudi kwenye Olimpiki mwaka 2016 huko Rio de Janeiro baada ya kukosekana tangu 1904, na viongozi wetu wa michezo hawakosi kututangazia ndoto za medali. Medali inaanzia kwenye mpini wenye urefu sahihi.

Na vyama vya gofu vya nchi zetu visijifiche nyuma ya forodha. Chama kinaweza kukusanya mahitaji ya wabebaji na wachezaji chipukizi, kikaagiza seti thelathini kwa mkupuo kutoka kwa hao wanaouza moja kwa moja, kikaomba bei ya jumla, na kikajaza fomu za kuingiza mzigo mara moja badala ya mara thelathini. Kinaweza kununua kifaa kimoja cha kupindia vichwa na kumfundisha fundi mmoja kila mji wenye uwanja. Wabebaji wanaweza kulipa kidogo kidogo kutoka malipo yao ya Jumamosi, kama wanavyolipa bodaboda. Katika orodha hiyo hakuna jambo hata moja linalohitaji mfadhili, kongamano, wala fulana zenye nembo. Ninapowauliza wahusika mbona halifanyiki, huambiwa kwamba gofu ni mchezo wa gharama. Wanasema hivyo wakiwa wameketi kwenye baraza ya klabu, mfuko wa fimbo umeegemezwa ukutani, na aliyeubeba amesimama nje ya kamba akisubiri ujira wake.

Ipo pia sababu isiyosemwa, nami nitaisema. Wapo wanachama ambao hawataki mbebaji awe na seti kamili. Mbebaji mwenye fimbo sita zilizofungwa utepe akimshinda mwanachama Jumatatu, ni kichekesho cha kusimulia baa. Akimshinda akiwa na seti inayolingana na yake, ni jambo jingine. Bei, kwa watu wa namna hiyo, ni ukuta unaowasaidia wasilazimike kujenga wa matofali. Ndiyo maana habari kwamba ukuta huo ulikuwa nusu yake ni matangazo haikuwafurahisha nilipowaeleza.

Ijumaa ijayo mimi na mwanafunzi wangu tutakwenda ofisi ya forodha. Tutauliza, kwa maandishi na kwa kutaka jibu la maandishi, seti moja ya fimbo za chuma inayoingizwa na mchezaji kwa matumizi yake itatozwa nini, kifungu kwa kifungu, na kama chama cha michezo kikiingiza seti thelathini kuna nafuu yoyote na inaombwa kwa nani. Kijana amekwisha kuandika barua. Ameiandika vizuri, ila nilimwomba afute sentensi ya kwanza, ile iliyoomba radhi kwa usumbufu.